Baba Mmoja, Vyeti Vitatu: Kisa cha Usajili Kutoka Tukuyu

Familia ninayoieleza hapa inaishi nje kidogo ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Kuna mama na watoto watatu, wote wa baba mmoja. Binti mkubwa alizaliwa Unguja mwaka 2004. Kijana wa kati alizaliwa 2007 kijijini, nyumbani kwa bibi yake. Kitinda mimba alizaliwa mwaka 2016 kwenye zahanati. Baba yao alifariki 2018. Binti alipomaliza kidato cha sita mwaka 2023 na kutaka kuomba mkopo wa elimu ya juu kama mtoto aliyefiwa na mzazi, ndipo ilipoonekana kwamba kwenye karatasi watoto hawa hawana baba mmoja.

Kisa nimekiunga kutokana na mafaili zaidi ya moja na kukifanya cha nyumba moja, ili asitambulike mtu. Vikwazo vyenyewe havina chumvi. Yeyote anayefanya kazi ya usaidizi wa kisheria Rungwe, Kyela au Ileje atavitambua.

Mjadala wa kufananisha sheria za usajili nchini kwa kawaida huishia kwenye swali moja: kwa nini Bara wana daftari lao na Zanzibar lao? Kwa nyumba hii ya Tukuyu, madaftari mawili yalikuwa jambo dogo. Jambo kubwa ni kwamba daftari moja halina namna ya kulisoma jingine, na kwamba hata ndani ya daftari la Bara peke yake, alichopata mtoto kilitegemea mwaka aliozaliwa na mkoa alikozaliwa.

Karatasi zilizokuwa mezani

Baba alikuwa seremala. Alivuka kwenda Unguja kufuata kazi za ujenzi wa hoteli, mke akamfuata. Binti alizaliwa hospitali ya Mnazi Mmoja, akasajiliwa, akapewa cheti cha Zanzibar. Kwenye cheti kuna jina lake, la baba na la babu, kama majina yanavyoandikwa Visiwani. Jina la ukoo halimo. Familia iliporudi Rungwe na binti kuanza darasa la kwanza, shule iliandika jina lake, la baba, kisha jina la ukoo linaloanza na Mwa-, kwa sababu huku mtoto hutambulikana kwa ukoo wake. Jina hilo la shule ndilo lililokwenda Baraza la Mitihani, na ndilo lililo kwenye vyeti vyake vya kidato cha nne na cha sita.

Mimba ya pili mama alirudi kwao kujifungulia, kama wanawake wengi wanavyofanya. Mtoto alipokelewa na bibi pamoja na mkunga wa jadi. Hakukuwa na tangazo la kizazi, ile karatasi inayotolewa hospitali na ambayo cheti hufuata. Kadi ya kliniki ilikuwapo, ikalowa msimu mmoja wa mvua za Tukuyu, ikatupwa. Kilichobaki ni cheti cha ubatizo cha Kanisa la Moravian.

Wa tatu ndiye aliyepata njia nyepesi. Mama alimpeleka zahanati kwa chanjo, akarudi nyumbani na cheti cha kuzaliwa siku hiyohiyo, bila kulipa hata senti, kimeandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri. Kasoro ni moja: jina la ukoo lenye "ky" liliandikwa kwa "ki".

Na baba? Alizikwa nyumbani, jirani na migomba, kama ilivyo desturi ya Wanyakyusa. Kijiji kizima kilikuwapo, mtendaji naye alikuwapo. Lakini hakuna aliyekwenda kusajili kifo.

Sheria inavyosema, na ilikotoka

Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, ina mizizi kwenye amri ya kikoloni ya mwaka 1920. Amri ile haikuwekwa kwa ajili ya mtu wa Rungwe. Usajili ulikuwa wa lazima kwa Wazungu na Waasia. Mwafrika aliingizwa baadaye, wilaya kwa wilaya, serikali ilipoona inafaa. Ninalitaja hili kwa sababu alama yake haijafutika. Sheria iliyoanza kwa kuchagua nani aandikwe na wapi iliacha mazoea ya kuuona usajili kama huduma inayofikishwa mahali kwa zamu, wakati ulipaswa kuwa haki anayozaliwa nayo mtoto popote alipo. Kwa kanuni za Umoja wa Mataifa usajili wa matukio ya maisha ni wa kudumu, usiokatika, wa lazima na wa watu wote. Hilo la "watu wote" ndilo lililochelewa.

Leo sheria ya Bara inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90 na kifo ndani ya siku 30. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeongeza wajibu wa mzazi kumsajili mtoto wake. Anayesimamia ni RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulioanzishwa mwaka 2006, na kwa mwananchi wa wilayani mlango wake uko kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Vitambulisho ni kazi ya mamlaka nyingine, NIDA. Zanzibar wana sheria yao ya vizazi na vifo ya mwaka 2006, na tangu mwaka 2018 sheria ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, inayoweka vizazi, vifo, ndoa, talaka na vitambulisho vya Wazanzibari wakaazi chini ya paa moja. Kwa mpangilio, Zanzibar wametutangulia, wala si aibu kulisema.

Usajili wa vizazi si jambo la Muungano. Uraia ni jambo la Muungano. Kwa hiyo karatasi inayoonyesha ulizaliwa wapi na nani inatolewa na serikali mbili, na jambo unalotakiwa kulithibitisha kwa karatasi hiyo liko mikononi mwa serikali moja. Hapo ndipo wananchi wa nyumba kama hii hubanwa katikati, maana kila ofisi iko sawa kwa sheria yake na hakuna iliyopewa kazi ya kuunganisha.

Kuna tofauti nyingine ambayo haihusu Zanzibar hata kidogo. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta kwamba Bara ni takriban asilimia 13 tu ya watoto walio chini ya miaka mitano waliokuwa na cheti cha kuzaliwa. Serikali ikaja na Mkakati wa Kusajili Watoto wa Umri Chini ya Miaka Mitano: cheti kinatolewa bure, kwenye kituo cha afya au ofisi ya mtendaji wa kata, na taarifa zinatumwa makao makuu kwa simu. Mkoa wa Mbeya ulikuwa wa mwanzo, mwaka 2013, wakati huo ukiwa bado na wilaya ambazo tangu 2016 ni Mkoa wa Songwe. Iringa, Njombe na mikoa mingine walifuata baadaye kwa awamu.

Sina ugomvi na mkakati ule. Ni miongoni mwa mambo mazuri yaliyowahi kufanywa katika usajili wa nchi hii, na anayekumbuka safari za kwenda wilayani mara tatu kwa cheti kimoja atakubaliana nami. Lakini angalieni ulivyoigusa nyumba hii. Ulipofika Mbeya, kijana wa kati alikuwa na miaka sita. Mlango ulikuwa wa walio chini ya mitano, naye akabaki nje. Mdogo wake akapita bila kubisha hodi. Na mtoto wa umri uleule aliyekuwa upande wa pili wa mpaka wa mkoa alisubiri zamu ya mkoa wake. Sheria ilikuwa moja, Sura ya 108 ileile, na bado watoto wa tumbo moja walipata mambo tofauti.

Tulianza na marehemu

Sisi wasaidizi wa kisheria, tunaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, hatumwakilishi mtu mahakamani. Tunaelekeza, tunasaidia kuandika, tunasindikiza. Familia ilipofika ilikuwa tayari imekwenda steshenari kujaza maombi ya mkopo, na kijana wa steshenari alikuwa amewaambia kweli: hapa hakuna kinacholingana. Kila mmoja alitaka tuanze na cheti cha binti kwa kuwa dirisha la maombi lilikuwa wazi. Ushauri wetu ulikuwa kuanza na cheti cha kifo cha baba.

Sababu ni hii. Binti hawezi kubadilisha kilichoandikwa Unguja kwa kwenda ofisi ya Rungwe. Daftari lile haliko huku. Kijana hana cheti kabisa. Kitinda mimba ana cheti chenye herufi moja iliyokosewa. Wote watatu wanashikwa na jina la baba, na karatasi pekee ya baba ambayo ilikuwa bado haijaandikwa ni ya kifo chake. Ukiiandika vizuri, nyingine zinaweza kuiegemea. Ukiiandika vibaya, unakuwa umeongeza baba wa nne.

Swali likawa: aandikwe kwa jina gani? Cheti chake cha darasa la saba kilikuwa na jina lake na la ukoo. Cheti cha binti kinamtaja kwa jina lake na la baba yake. Familia ikaitisha kikao cha ukoo, ambacho kingehitajika vilevile kwa ajili ya mirathi. Baba mkubwa wa watoto hakutaka kusikia habari ya kuacha jina la ukoo.

"Mdogo wangu alikuwa na ukoo," alisema. "Huko Unguja walimwandika walivyojua wao. Hapa tumwandike tunavyojua sisi."

Mama akamjibu kwa upole, "Shemeji, nimekuelewa. Ila mwanangu akikosa chuo kwa sababu ya jina, ukoo utamlipia?"

Wazee wakacheka, na baba mkubwa naye akacheka. Tulichopendekeza kikakubaliwa: marehemu aandikwe kwa majina matatu, yaani lake, la baba yake na la ukoo. Atakayesoma cheti cha Unguja ataona majina mawili ya mwanzo yanafanana. Atakayesoma karatasi za Rungwe ataona la kwanza na la mwisho. Mhtasari wa kikao ukaandikwa hivyo na kusainiwa, mtendaji wa kijiji akatoa barua ya kuthibitisha kifo na mazishi, na ombi likapelekwa kama usajili uliochelewa.

Kwa binti tulifanya kiapo mbele ya wakili, kueleza kwamba majina ya kwenye cheti cha Unguja na ya kwenye vyeti vya mtihani ni ya mtu mmoja. Kisha vyeti vikathibitishwa, kila kimoja na ofisi iliyokitoa. Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu ndipo penye somo ambalo watu wa sera hulipita. Bodi ya Mikopo haikusubiri Bara na Zanzibar wawe na sheria moja. Utaratibu wake unasema cheti cha Bara kithibitishwe na RITA, cha Zanzibar kithibitishwe na wakala wa Zanzibar, na uthibitisho wowote kati ya hiyo unapokelewa kwa uzito uleule. Ni kanuni fupi, na imewafungulia njia wanafunzi wengi. Kwa nini kanuni hiyo isitumike shule ya msingi, benki, mahakama ya mwanzo na kwenye kitambulisho cha taifa? Ofisi nyingi huku nyanda za juu zikiona cheti chenye nembo ya Zanzibar huanza kumuuliza mtu maswali ya kabila na safari, wakati swali la haki ni moja tu: aliyekitoa anakitambua?

Maombi ya binti yalipokelewa, yakiwa na cheti cha kifo chenye majina matatu na kiapo kikiwa nyuma yake.

Kijana wa miaka kumi na sita

Faili gumu ni hili. Kijana amevuka miaka kumi, kwa hiyo ombi lake linapimwa kwa ukali zaidi kuliko la mtoto mdogo, na mzigo wa ushahidi uko kwa familia. Kuna cheti cha ubatizo kinachosema alizaliwa 2008. Cheti cha kumaliza darasa la saba kinasema 2007. Bibi anasema alizaliwa wakati wa kupanda maharage, mama anasema ni 2007 bila wasiwasi, maana mwaka uliofuata alikuwa amekwisharudi Unguja naye mgongoni.

Kitabu cha kanisa kinaaminika kwa tarehe ya ubatizo, kwa sababu mchungaji alikuwapo. Tarehe ya kuzaliwa kwenye kitabu hicho ni ya kusimuliwa tu, tena yawezekana na aliyembeba mtoto siku ile. Tuliegemea 2007 na kuweka maelezo ya mama kwa kiapo. Ukali wetu juu ya mwaka mmoja una sababu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kosa la tarehe likiingia pale haliko tena kwenye karatasi inayoweza kusahihishwa kwa kalamu; limo ndani ya namba anayofungulia akaunti, kusajilia laini na kuombea kazi.

Kilichotuchosha zaidi ni orodha ya viambatanisho. Kata moja ilitaka barua ya mtendaji na cheti kimoja cha shule. Jirani yao wa kata nyingine, kwa ombi la aina ileile, aliambiwa alete pia mashahidi wawili na kitambulisho cha kila mmoja. Hakuna aliyevunja sheria. Kila ofisi ilitafsiri "ushahidi wa kutosha" kwa tahadhari yake. Na kadiri unavyosogea mpakani, Kasumulu au Tunduma, tahadhari inaongezeka, kwa sababu ombi lililochelewa huamsha swali la uraia hata kama mwombaji hajauliza uraia. Cheti cha kuzaliwa kinaeleza tukio la kuzaliwa. Uraia una sheria yake na ofisi yake, na mtoto aliyezaliwa Kyela na mama anayetoka Karonga, Malawi, anastahili kuandikwa alikozaliwa vilevile.

Kifanane nini

Wapo wanaosema suluhisho ni kuufanya usajili kuwa jambo la Muungano. Naelewa hamu yao, lakini sikubaliani nao. Itageuza kazi ya makarani kuwa mgogoro wa kikatiba, na Zanzibar wangeombwa kuacha mfumo unaofanya kazi vizuri kuliko wetu ili wajiunge na tunaoujenga bado. Nyumba ya Tukuyu haikuhitaji hilo.

Ilihitaji fomu yenye nafasi nne za majina pande zote mbili: la mtoto, la baba, la babu na la ukoo, na asiye na mojawapo aache wazi. Kama cheti cha mwaka 2004 kingekuwa na nafasi ya ukoo, nusu ya kazi niliyoieleza isingekuwapo. Ilihitaji namba moja anayopewa mtoto siku anayosajiliwa na anayobaki nayo shuleni, chuoni na kwenye kitambulisho. Serikali imekwishatangaza mpango wa Jamii Namba wenye wazo hilo. Kwangu kipimo chake kitakuwa kama namba iliyotolewa Unguja itasomeka Rungwe bila kiapo cha wakili.

Na ilihitaji orodha moja ya ushahidi wa usajili uliochelewa, iliyobandikwa ukutani kwenye kila kata kuanzia Mufindi hadi Momba. Hapa nina hofu moja. Kufananisha kunaweza kufanywa kwa kupandisha kila mtu kwenye kiwango cha Dar es Salaam, yaani tangazo la hospitali au hakuna. Ikiwa hivyo, waliozaliwa mikononi mwa bibi zao watafungiwa nje kwa usawa kamili. Orodha ipangwe kwa kumtazama mtoto aliyezaliwa mbali zaidi na zahanati, kisha wa mjini ataitimiza bila shida.

Vifo sitavisemea sana, ingawa ndivyo vinavyosahaulika zaidi. Mtendaji wa kijiji yuko msibani karibu kila mara. Kumpa daftari na wajibu wa kutuma taarifa ndani ya siku 30 ni kazi ndogo kuliko tuliyoifanya miaka mitano baada ya mazishi.

Cheti cha kitinda mimba tumekiombea masahihisho ya herufi mapema, kabla jina halijakwenda kwenye mtihani wa darasa la nne. Faili la kijana liko wilayani. Sasa mama ameleta jingine. Anataka kushughulikia mirathi, na mahakama ya mwanzo imemuuliza cheti cha ndoa. Walioana kimila, mahari ikatolewa, wazee wa pande zote mbili wapo hai. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliwataka wasajili ndani ya siku 30, na sheria hiyohiyo inasema ndoa haiharibiki kwa kukosa kusajiliwa. Ni sheria ya Bara tu, na miaka yao mingi ya mwanzo kama mke na mume waliishi Unguja. Tumeanza kwa kumwomba atafute barua ya posa.